Ukifundishwa Udereva wa Lori "Bure", Uliza Nani Analipa

Ukizungumza na jamaa zetu walioko Marekani siku hizi, iwe Columbus, Dallas au Minneapolis, mazungumzo hayamaliziki bila lori kutajwa. Fulani kaacha kazi ya ghala, sasa ni dereva. Fulani yuko shule, mwezi ujao anafanya mtihani. Mwingine keshafika majimbo yote, picha zake tunaziona. Na swali la wanaotaka kufuata njia hiyo ni lile lile: kampuni gani nzuri ya kunifundisha flatibedi?

Flatibedi, kwa asiyeijua, ni lile trela la wazi lisilo na kuta wala paa. Sisi wa huku tunayaona kila siku kwenye barabara ya Tunduma, yakileta shaba ya Zambia na Kongo bandarini Dar es Salaam. Kule Marekani hubeba vyuma, mbao, mabomba na mitambo. Vijana wanaipenda kwa sababu inasifika kulipa vizuri kuliko trela la kawaida la boksi, na kuna kampuni kubwa zinazojulikana kwa kazi hiyo: TMC ya Iowa, Melton ya Oklahoma, Maverick ya Arkansas. Nyingine, kama Prime ya Missouri, zina flatibedi pamoja na mizigo ya aina nyingine.

Sasa naomba niseme wazi. Swali la "kampuni gani nzuri" watu wanalijibu vibaya. Wanalijibu kwa senti kwa maili na kwa bonasi ya kusaini. Kwa maoni yangu, mtu anayeanza aiangalie kampuni kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: karatasi atakayosaini, na muda atakaopewa kujifunza kufunga mzigo. La kwanza linaweza kukuacha na deni. La pili linaweza kukuua, au ukamuua mtu mwingine asiye na hatia anayekwenda kazini kwake.

Tuanze na leseni, maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Hata kama umeendesha semi-trela miaka 10 kutoka Dar hadi Lubumbashi, leseni yako Marekani haikuingizi barabarani na lori. Nje ya Marekani yenyewe, zinazotambuliwa kwa kazi hiyo ni za Kanada na Meksiko tu. Utaanza upya kutafuta leseni ya kibiashara, CDL ya daraja A. Tangu tarehe 7 Februari 2022 sheria ya shirikisho inamtaka kila anayeanza asome kwa mwalimu au shule iliyomo katika orodha rasmi ya serikali. Watu wakisikia hivyo wanapumua. Basi serikali imeshaweka kiwango, mimi nina wasiwasi gani tena?

Wasiwasi upo. Sheria hiyo imetaja mambo ya kufundishwa, lakini haikuweka idadi ya chini ya saa za kukaa nyuma ya usukani. Mwalimu ndiye anayesema mwanafunzi huyu ameiva. Na mtihani wa leseni ni wa kuendesha, kurudisha nyuma na kukagua gari. Hakuna anayekupandisha juu ya trela akakuambia funga hizi nondo nikuone. Unaweza kuwa na CDL mfukoni na hujawahi kushika mnyororo hata siku moja.

Kwenye boksi unaweza kuponea hapo. Kwenye flatibedi, kufunga mzigo ndiyo kazi yenyewe.

Nitoe mfano ili tuelewane. Umepewa fungu la vyuma lenye uzito wa pauni 40,000, yaani kama tani 18, na urefu wa futi 20. Halijazuiwa na kitu chochote mbele. Kanuni ya urefu inasema: vifungo 2 kwa futi 10 za kwanza, kisha kimoja zaidi kwa kila futi 10 zinazofuata. Kwa hiyo vitatu. Dereva mpya anafunga minyororo mitatu, anajifuta jasho, anaondoka. Lakini ipo kanuni ya pili: uwezo wa vifungo vyote kwa jumla usipungue nusu ya uzito wa mzigo. Nusu ya 40,000 ni 20,000. Mnyororo wa kawaida wa kazi hiyo, ule wa robo tatu ya nusu inchi wa daraja la 70, una uwezo wa pauni 6,600. Mitatu inatoa 19,800. Pungufu pauni 200! Unatakiwa mnyororo wa nne.

Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, lakini mtu asiyefundishwa hataifanya, atahesabu futi tu. Na hapo hatujagusa koili za chuma, zile roli kubwa zenye kanuni zake peke yake, ambazo ufungaji wake hubadilika kutegemea tundu la koili linaangalia wapi. Hatujagusa turubai, ambalo moja linaweza kufika kilo 40 na zaidi, nawe unatakiwa kulipandisha na kulitandaza kwenye upepo na theluji huku umesimama juu ya mbao zinazoteleza. Hatujagusa sheria ya kusimama ndani ya maili 50 za mwanzo kukagua mzigo, na kuendelea kukagua kila maili 150 au kila saa 3, au unapobadilisha shughuli, lolote litakalotangulia. Mikanda hulegea, jamani. Mbao hukaa, mkanda unabaki unaning'inia.

Kwa hiyo kampuni ikikuambia "tunafundisha flatibedi", muulize anayekuandikisha: nitakaa uwanjani siku ngapi nikifunga mzigo halisi kabla sijaingia barabarani? Siku moja ya kutazama video na nusu siku ya kurusha mikanda si mafunzo. Uliza pia nitafungwa na mwalimu wa flatibedi, au nitapewa mwalimu wa boksi kwa sababu ndiye aliyepatikana? Na mwalimu mwenyewe ana muda gani katika kazi hiyo?

Kuna jambo jingine la mwalimu ambalo wengi hawalifikirii. Katika kampuni nyingi mwalimu ni dereva kama madereva wengine, naye analipwa kwa maili. Sheria inamruhusu dereva mmoja kuendesha saa 11 tu kabla ya kupumzika. Lakini wakiwa wawili ndani ya lori, wewe ukiendesha yeye analala, yeye akiendesha unalala wewe, na lori halisimami. Kampuni inapata maili karibu mara mbili. Sawa, biashara ni biashara. Ila mwalimu aliyelala nyuma ya pazia anakufundisha nini? Uliza: ni wiki ngapi mwalimu atakaa macho kwenye kiti cha pembeni? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, umeshapata jibu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Kampuni nyingi zinazofundisha zinasema mafunzo ni bure, au hulipi kitu leo. Ukisoma ndani utakuta sharti: ufanye kazi kwao kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, la sivyo unadaiwa gharama za mafunzo. Wazee wetu walishasema, rahisi ni ghali.

Sisemi mikataba yote ni dhuluma. Kampuni inatumia mafuta, lori na muda wa mtu kukufundisha, na ina haki ya kutotaka uchukue leseni Ijumaa na Jumatatu uko kwa jirani. Lakini pana mkataba wa haki na pana mtego. Wa haki unapunguza deni kila mwezi unaofanya kazi, ukimaliza miezi sita umebaki na nusu. Mtego unakudai fedha zote hata ukiondoka zikiwa zimebaki wiki mbili. Wa haki unafuta deni wakikuachisha kazi bila kosa lako. Mtego unakudai hata walipokufukuza wao. Wa haki unataja kiasi kwa tarakimu. Mtego unasema "gharama za mafunzo" halafu kiasi unakuja kukijua siku ya kuondoka.

Hata wabunge wa California wameliona hili: mwaka 2025 walipitisha sheria ya kuzuia mikataba mingi ya namna hii, kwa ile inayosainiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ingawa imeacha vighairi. Majimbo mengine mengi hayajafika huko. Kwa hiyo mlinzi wako wa kwanza ni macho yako mwenyewe.

Na mhamiaji ana swali lake la ziada. Septemba 2025 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya kuwabana wahamiaji wenye vibali vya muda wasipate leseni hizi, suala likaenda mahakamani. Kabla ya hapo, tangu Juni 2025, wakaguzi wa barabarani walianza tena kumsimamisha dereva asiyeweza kujieleza kwa Kiingereza au kusoma alama. Basi uliza kabla ya kusaini: leseni yangu ikizuiwa kwa sababu ya karatasi zangu za uhamiaji, deni hili linakwenda wapi? Jibu litakalotolewa kwa mdomo lisikutoshe. Liandikwe.

Kuna mtego wa tatu, nao unakuja na maneno matamu: "uwe mmiliki wa biashara yako". Unamaliza mafunzo, unaambiwa usiajiriwe, ukodi lori kutoka kwa kampuni ile ile na uwe mkandarasi. Dominic Oliveira alipita njia hiyo kwa Prime. Alikwenda mahakamani akidai kwamba hakulipwa kisheria, kuanzia alipokuwa mwanafunzi hadi alipokuwa akiitwa mkandarasi. Kampuni ilitaka shauri lipelekwe kwa msuluhishi wa faragha kama mkataba ulivyosema. Tarehe 15 Januari 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 haiwezi kutumika kumlazimisha mfanyakazi wa uchukuzi wa aina yake, hata akiitwa mkandarasi. Zingatieni: mahakama hiyo haikuamua nani alikuwa mkweli kuhusu malipo. Iliamua tu anaweza kusikilizwa wapi. Mtu alilazimika kufika mahakama ya juu kabisa ya nchi ili apate mlango wa kuingilia! Wewe unayeanza, bila akiba, utaweza safari hiyo? Mwaka wa kwanza ajiriwa. Upokee fomu ya W-2, mafuta na matairi yawe mzigo wa mwenye lori.

Najua kuna atakayesema: "Wewe mwandishi umekaa na kompyuta yako, mimi nina kodi ya nyumba na watoto wawili, sina fedha za shule, kampuni ndiyo imenifungulia mlango." Ni kweli, na simlaumu. Lakini hata asiye na fedha ana njia zaidi ya moja. Vyuo vingi vya jamii vinafundisha CDL, na ofisi za ajira za majimbo husimamia fedha za sheria ya WIOA ya mwaka 2014 zinazoweza kumlipia ada anayekidhi masharti. Ukitoka huko na leseni isiyo na deni, unaiendea kampuni ya flatibedi ukiwa na neno la kusema. Unaomba jambo moja tu: nifundisheni kufunga mzigo. Hapo mnazungumza, hupigi magoti.

Na kabla ya kuamini mtu yeyote, hata mimi, ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama wa malori, FMCSA. Weka jina la kampuni au namba yake ya DOT. Ni bure. Utaona magari yao yamekaguliwa mara ngapi katika miezi 24, mangapi yalizuiwa kuendelea na safari, na makosa gani yaliandikwa. Ajali zitaonekana bila kusema nani alikosea, kwa hiyo usihukumu kwa hizo peke yake. Tafuta makosa ya mzigo usiofungwa vizuri. Kampuni ya flatibedi ambayo kosa hilo linajirudia rudia inakuambia yenyewe jinsi inavyofundisha, hata kama kipeperushi chake kina picha ya lori jipya linalong'aa.

Huku kwetu utingo alikuwa anakaa na dereva miaka, analala chini ya trela, anafunga na kufungua turubai mpaka mikono inaota sugu, ndipo siku moja anaambiwa shika usukani. Sitamani turudi kwenye mateso yale. Lakini alipoushika usukani, mzigo alishaujua.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesubiri kupigiwa simu na mwandikishaji, akikutajia senti kwa maili mwache amalize. Kisha mwambie akutumie mkataba wote kwa barua pepe uusome nyumbani, na mtu anayejua Kiingereza cha sheria ausome pamoja nawe. Kampuni inayosema saini kwanza utasoma baadaye, mwambie asante, kata simu.

Mliopo kwenye kazi hii, karibuni mtuambie mlisaini nini na mlifundishwa siku ngapi. Kuna mdogo wenu atasoma.