Programu Yangu Ilimpima Mtoto Vibaya

Najua wengi wenu huja hapa kusoma kuhusu programu, tarakilishi na simu. Leo nawapeleka darasani, Gredi ya 2. Msihame! Mambo ya tarakilishi yamo.

Dada yangu ni mwalimu katika shule ya msingi ya umma, na darasa lake lina watoto 48. Kila alipokuja nyumbani wikendi alikuwa na bunda la karatasi za tathmini. Sisi wengine tukitazama mpira, yeye alikuwa mezani akijaza. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na ugonjwa wetu mnaujua: tukiona mtu anaandika kitu kilekile mara 48, vidole vinaanza kutuwasha. Nikamwambia, "Dada, nipe wiki mbili tu. Hizi karatasi utazisahau."

Nikaunda programu ndogo ya simu. Unachagua somo, unaletewa majina ya watoto, na mbele ya kila jina kuna vitufe vinne: 4 ni kuzidisha matarajio, 3 kufikia matarajio, 2 kukaribia matarajio, 1 mbali na matarajio. Hivyo ndivyo viwango vilivyokuja na mtaala wa umilisi, ule tuliozoea kuuita CBC, ulioanza kutumika kote nchini Januari 2019 kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3. Ukibonyeza, alama inaingia kwenye hifadhidata. Mwisho wa muhula ripoti inajitoa yenyewe, na grafu za rangi juu yake. Nilijivunia sana zile grafu.

Baada ya mwezi mmoja hivi nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikae nyuma ya darasa nione kazi yangu ikitumika. Somo lilikuwa Hisabati, mada ni pesa, na watoto walikuwa wakicheza duka. Dawati ndilo rafu. Bidhaa ni pakiti tupu za unga, majani chai na sabuni walizotoka nazo nyumbani. Noti na sarafu zimekatwa kwa kadibodi, na vifuniko vya soda ni peremende. Jambo la kupimwa siku hiyo: je, mwanafunzi anaweza kurudisha chenji?

Mwenye duka alikuwa kijana mmoja mdogo wa mwili. Msichana akaja, akachukua sabuni ya shilingi 35, akatoa noti ya 50. Kijana akafunua kopo lake la pesa, akalitazama, kisha akasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa, "Chenji sina leo, customer. Chukua peremende." Akamhesabia vifuniko vitatu. Wenzake wakaangua kicheko.

Dada yangu alikuwa na simu mkononi, na upande wa pili watoto wawili walikuwa wakivutana pakiti ya unga. Alichoona ni kwamba chenji haikurudishwa. Akabonyeza 2.

Kengele ilipolia nikamwita yule kijana. Peremende moja ni pesa ngapi dukani kwako? "Tano." Na kwa nini ulimpa tatu? Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Si chenji yake ni kumi na tano?"

Sasa hebu tuhesabu alichofanya. Alitoa 35 kwenye 50. Akaona kopo halina sarafu za kutosha. Akaigawanya 15 kwa 5. Akamaliza tatizo la mteja jinsi muuza duka wa mtaani kwetu anavyolimaliza kila siku. Na hifadhidata yangu ikaandika 2. Anakaribia matarajio!

Kilichonikosesha usingizi si kosa lenyewe, kwa maana kila mtu hukosea. Ni kwamba ndani ya programu yangu hapakuwa na njia yoyote ya mtu kugundua kwamba kumetokea kosa. Wenzangu wa tarakilishi mtanielewa upesi. Mtumiaji akikupigia akasema, "Imekataa, inaonyesha kosa namba 2," utafanya nini? Utafungua kumbukumbu za mfumo, zile faili zinazoandika kila hatua, usome kilichotokea kabla ya kukwama. Bila hizo unabahatisha. Basi mimi nilikuwa nimeunda mfumo unaotoa namba za makosa ya watoto na hauhifadhi kumbukumbu hata moja ya walichofanya. Ningemwona mwanafunzi wangu wa kazini akifanya hivyo, ningemrudisha akaanze upya.

Jioni ile nikafungua data yenyewe, nikatazama saa zilizoandikwa kando ya alama. Nikakuta kwamba siku nyingi alama za karibu darasa zima ziliingia ndani ya dakika nne au tano, saa tatu na nusu usiku. Na watoto wapole, wale wasiolia wala kupigana, walikuwa na 3, 3, 3 kutoka juu hadi chini. Sikumlaumu dada yangu, na nawasihi msimlaumu. Somo moja katika madarasa ya chini ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawanya kwa watoto 48, unapata sekunde 37 na nusu kwa kila mtoto, na hapo bado hujafundisha, hujaamua ugomvi, hujampeleka mtu msalani. Programu yangu ilidai kitu kisichowezekana, naye akanipa kitu kinachofanana nacho.

Haya basi, nina maoni gani? Naona tathmini ya mchezo inaharibika mapema sana, wakati wa kupanga, kabla mtoto hajashika kifuniko cha kwanza.

Kuna maandalio ya somo ambamo mchezo umewekwa mwishoni ili kujaza dakika zilizobaki. Kuna mengine ambamo mwalimu huandika "wanafunzi wacheze duka" na kuishia hapo. Lakini mchezo mzuri wa darasani una kanuni zinazolazimisha jambo fulani litokee. Tazama duka letu. Kama kila bidhaa ni shilingi 10 na kila mteja ana sarafu ya 10, watoto watacheza nusu saa kwa furaha tele, na hakuna hata mmoja atakayetoa. Weka sabuni 35, mpe mteja noti ya 50, na kutoa kunakuja kwenyewe. Punguza sarafu kwenye kopo la muuzaji, na sasa lazima afikirie njia nyingine. Kupanga mchezo ni kupanga bei, pesa na upungufu. Nusu ya kazi ya tathmini imo humo, na haihitaji umeme.

Baada ya mabishano marefu na chai nyingi, dada yangu na mimi tulikubaliana juu ya mpango huu:

1. Jambo moja tu la kutazama katika kila mchezo. Yakiwa manne, huoni hata moja.

2. Watoto watano tu kwa siku, majina yao yakijulikana asubuhi. Wengine wanacheza kama kawaida. Kwa hesabu hiyo watoto 48 wanaisha kwa siku 10 za shule, yaani wiki mbili. Hata muhula wa wiki 10 unampa kila mtoto zamu tano, na yule mpole naye zamu yake inafika apende asipende.

3. Swali moja la kuuliza mchezo ukiendelea: "Umejuaje?" Siku ile mimi ndiye niliyeliuliza, tena kwa bahati.

4. Sentensi moja kwa kila mtoto, ya kilichoonekana na kusikika. Si "amefanya vizuri". Ni "Hakuwa na sarafu, akalipa chenji ya 15 kwa peremende tatu za 5."

5. Alama ya 1 hadi 4 isitolewe siku hiyo. Itolewe mwisho wa muhula, baada ya kusoma zile sentensi tano.

Najua mtanipinga. Wa kwanza atasema wazazi wanataka alama, na ofisi zinataka alama. Ni kweli, nasi hatujaziondoa. Lakini sasa mzazi akiuliza kwa nini mtoto wake ana 2, mwalimu ana cha kumwonyesha. Nimemwona baba mmoja akisoma sentensi tatu kuhusu bintiye na kunyamaza, kisha akauliza, "Nyumbani nimsaidie vipi?" Grafu zangu za rangi hazijawahi kumfanya mtu aulize swali hilo.

Wa pili atasema watoto 48 ni wengi mno kwa mwalimu mmoja. Hapo sina ubishi. Hakuna programu itakayochukua nafasi ya mwalimu wa pili, na mtu akikuuzia moja kwa ahadi hiyo, funga mlango. Watoto watano kwa siku ni njia ya kuishi na tatizo hilo, haliliponyi.

Wa tatu ni ninyi wenzangu wa tarakilishi. Mtaniambia niweke kamera, nirekodi sauti, akili unde isikilize na iandike sentensi zenyewe. Niliwaza hivyo pia, siwafichi. Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data ya mtoto, na sauti na sura za watoto wa miaka saba si vitu vya kuchezea. Pili, mashine inaweza kunyoosha sentensi ya mwalimu, lakini sharti kwanza mtu awe ameona. Mwalimu asipotazama, hatajua kesho aweke sabuni bei gani.

Seymour Papert, mmoja wa waliounda lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo baadaye watoto waliitumia kuongoza kobe kwa amri za tarakilishi, alilieleza jambo hili vizuri. Kwake hitilafu katika programu ya mtoto haikuwa aibu wala mwisho wa safari. Ilikuwa kitu cha kuchunguza: nini kilitokea, na kwa nini? Sisi tunaoandika programu tunaishi kwa swali hilo kila siku. Mtoto wa Gredi ya 2 naye anastahili kuulizwa.

Jambo moja zaidi, nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mchezo upimwe. Wakati wa mapumziko kuna kati, kuna bladaa, kuna brikicho, na watoto hujifunza humo mengi ambayo hayamo katika mtaala wowote. Huko tusiende. Mtoto akiona mtu mzima amekuja na kalamu, mchezo umekwisha, kilichobaki ni mtihani uliovaa kaptura.

Na programu yangu je? Niliifuta karibu yote. Iliyobaki inaonyesha majina matano asubuhi, na kila jina lina nafasi tupu ya kuandika sentensi moja. Haina grafu. Bila mtandao inafanya kazi, na simu ikizima chaji dada yangu anaandika kwenye daftari na hapotezi kitu. Ni kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo pekee ambayo mtu amenipigia simu kuniomba nisiibadilishe.

Tangu 2016, serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, sisi wa fani hii tumekuwa tukiuliza kifaa gani, programu gani, intaneti ya nani. Ni maswali halali. Ila kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu ya shule, omba ruhusa, keti nyuma ya darasa somo moja zima, dakika 30 tu, simu ikiwa mfukoni.

Yule kijana alama yake ilirekebishwa, na sentensi yake ndiyo ya kwanza kabisa katika hifadhidata mpya. Wiki iliyofuata mama yake alimwambia dada yangu kwamba mtoto huyo huketi kwenye kibanda cha nyanyake cha mboga kila jioni. Hilo nalo dada yangu aliliandika. Kitufe cha kuliingiza sikuwahi kukifikiria.