Ndoo ya Mlangoni Inajazwa na Nani?

Mwezi huu naomba tuongelee ndoo. Ndiyo, ndoo. Ile ya plastiki yenye koki, iliyowekwa mlangoni mwaka 2020 pamoja na kipande cha sabuni. Korona ilituachia mengi ya kusimulia, ila kwangu mimi hakuna kilichosema ukweli kuhusu ndoa zetu kama ile ndoo.

Kumbuka ilivyokuwa. Machi 16, 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini, na kesho yake shule zikafungwa. Lakini sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kampala na Kigali. Masasi watu waliendelea kwenda sokoni, mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge, na ulipofika wakati wa kupulizia mikorosho salfa, shamba likaendewa kama kawaida. Agizo kubwa lilikuwa moja: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, tena mara kwa mara.

Sasa panda na agizo hilo hadi Newala. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, udongo wake unanyonya mvua yote, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu miaka ya 1950 na maji hupandishwa kwa pampu, lakini maji kukatika si habari ngeni kwa mwenyeji. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia mvua ya kwenye bati. Kikikauka, ni kununua kwa dumu au kujitwisha. Na ukisema kujitwisha, unajua ni kichwa cha nani.

Rafiki yangu mmoja ni nesi huko Newala, mumewe mwalimu Masasi. Shule zilipofungwa, bwana akapanda nyumbani. Mshahara unaingia, vipindi hakuna. Bibie ndiyo kwanza zamu zimeongezeka. Anarudi jioni hoi, mtoto anamkimbilia, naye hataki kumgusa kabla hajanawa. Anafungua koki: tupu! Siku ya kwanza akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akasema, "Baba watoto, shule yako imefungwa. Wodi yangu haijafungwa."

Aliponisimulia kwenye simu, kilichomuuma si maji. Ni kwamba mwenzake alishinda nyumbani kutwa, akanawa yeye, wakanawa na wageni wake, na wala hakujiuliza maji yale yametoka wapi.

Bwana, nimpe sifa yake, hakununa. Kesho yake alfajiri akafunga madumu kwenye baiskeli. Majirani wakasema kakaliwa, eti kalishwa limbwata! Akawajibu kwamba nesi wake akianguka kwa uchovu, si wao watakaokuja kumpikia.

Juni 29, 2020 shule zote zikafunguliwa, naye akashuka Masasi. Hapo ndipo wengi wetu hurudia mtindo wa zamani. Wao walikubaliana hivi: mwisho wa mwezi, kabla ya hela ya vocha na ya mechi, bwana anatuma hela ya maji, kijana wa bodaboda analeta madumu. Akija wikiendi, madumu ni yake.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Siku hizi ndoo nyingi zimeondoka milangoni, nyingine zinahifadhia unga. Lakini kazi iliyokuwa nyuma ya ndoo bado ipo. Kuna mtu hapo kwako anaamka mapema ili wewe uoge, unywe chai na uondoke unanukia.

Kwa hiyo wikiendi hii kaeni wawili, mziandike zile kazi za nyumba zinazofanyika bila mtu kuziona. Kisha kila mmoja achukue zake. Na tafadhali, usiseme "nitakusaidia". Anayesaidia huacha akichoka, tena anategemea kushukuriwa. Mwenye kazi yake anajua kwamba asipojaza yeye, mtoto atasubiri kukumbatiwa.

Haya, nisikuchoshe. Tukutane mwezi ujao, na kabla hujafungua ukurasa unaofuata, hebu kachungulie ndoo!