Mark X Ile Inadai Matairi, Siyo Supachaja

Wiki nzima washikaji hapa bwenini wamegawanyika: mwenzetu mwenye Toyota Mark X ya cc 2500 afunge supachaja au aache? Mimi nasema aache, na sisemi kwa wivu (sawa, kidogo upo).

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Inasukuma hewa nyingi ndani, petroli inaongezwa, nguvu inapanda papo hapo bila kusubiri kama tabo. Utamu huo sibishi. Ila injini ile, 4GR-FSE, tayari inabana hewa kwa uwiano wa 12 kwa 1. Ukiishindilia zaidi, joto linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, mwisho pistoni zinapasuka. Ndiyo maana kifaa peke yake hakitoshi. Kuna kipoza hewa, nozeli, halafu fundi wa kupanga upya kompyuta ya gari, na huyo si yule wa chini ya mwembe.

Wabishi wananitajia Mark X ya supachaja iliyouzwa Japani. Kweli ilikuwepo, lakini ile ilikuwa ya cc 3500.

Tena gari hili wikiendi linabeba abiria, na hela hiyo ndiyo ada ya mdogo wake. Likilala gereji mwezi mmoja, nani atalipa? Bumu? Mjini kwenyewe mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na nguvu iliyopo inazidi farasi 200.

Anunue matairi kwanza. Ya nyuma yamekuwa vipara, nimeyaona.