Mtoto wa Sanaa na Somo la Malighafi



Katika familia zetu za Nakivale tunaisikia sana kauli hii: kijana aliyechukua historia na uchumi asiguse sayansi akifika chuoni. Sisi hatukubaliani nayo. Tunazungumzia hasa sayansi ya malighafi, elimu inayoeleza kwa nini chuma, udongo na plastiki vina tabia vilivyo nazo.

Tazameni nyumba zetu. Tofali bichi hurudi kuwa tope mvua ikilipiga sana, lakini likichomwa kwa joto la kama nyuzi 900 chembe za udongo hushikana, na maji hayalilainishi tena. Tatizo ni kuni, maana tanuri linakula miti. Turubai nalo huchanika kwa sababu miale ya jua huivunja plastiki kwa ndani. Bati hupakwa zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisipate kutu. Anayesomea biashara au maendeleo ya jamii ndiye atakayeamua kesho makazi yanunue kipi. Aamue kwa kubahatisha?

Hofu ya alama tunaielewa, hasa kwa anayesoma kwa ufadhili. Basi kwanza amwombe mwalimu akae darasani bila kufanya mtihani. Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, na wanafunzi wa biashara na wa uhandisi wote wamo. Hesabu zikimshinda, arudi kwenye vitabu vyake. Ya tofali atakuwa ameshayajua.