Ziba madirisha ya basi, lakini acha pa kutokea

Nchini Marekani, basi la shule likishatumika miaka kumi na zaidi hupigwa mnada, na miongoni mwa wanunuzi siku hizi wamo watu wanaotaka kuligeuza nyumba ya magurudumu. Mnunuzi hung'oa viti, hukwangua kutu sakafuni, kisha hugeukia madirisha, na hapo ndipo kichwa huanza kumuuma. Madirisha ni mengi mno kwa nyumba. Yamepangwa ubavu mzima, kila moja kati ya mbavu mbili za chuma, yana kioo kimoja chembamba na fremu inayovuja mvua mpira wake ukishazeeka. Anayelala ndani huonekana na kila apitaye, na hakuna ukuta wa kutundikia hata kabati moja. Kwa hiyo wengi huyang'oa na kuziba matundu kwa bamba la chuma. Nawaunga mkono, ila kwa sharti: hesabu ya pa kutokea itangulie hesabu ya joto, faragha na makabati. Kwa namna kazi hii inavyofanywa na wengi, hesabu hiyo huja mwisho, au haiji kabisa.

Sababu za kuziba ni za kweli na hazifai kubezwa. Kioo kimoja hakizuii baridi ya Minnesota wala jua la Arizona. Povu la poliyurethani lenye unene wa inchi 1 huzuia joto kupita takriban mara sita kuliko kioo hicho. Bamba lenyewe halizuii kitu, maana chuma hupitisha joto upesi kuliko kioo, lakini linampa mjenzi ukuta, na nyuma ya ukuta ndipo povu hukaa. Kazi nayo haihitaji kiwanda. Bamba la geji 18, yaani milimita 1.2 hivi, hukatwa kipande kirefu kinachovuka matundu kadhaa, hupakwa gundi ya kuzuia maji kingoni, kisha hupigwa ribiti kwenye mbavu. Ukingo wa juu huingia chini ya bamba la paa, na wa chini hulalia juu ya bamba la ubavu, kama mabati ya nyumba yanavyolaliana, ili mvua iteremke bila kupata pa kupenyea. Anayechomelea badala ya kupiga ribiti aghalabu hulipinda bamba kwa moto, na kama limepakwa zinki, moshi wake humpa homa usiku ule ule. Mvivu zaidi ni yule anayebandika bamba juu ya dirisha bila kuling'oa. Huyo ameuficha uvujaji, hajauondoa, na kutu itakula chuma kwa ndani pasipo mtu kuiona.

Sasa tazama upande wa pili. Usiku wa tarehe 14 Mei 1988, karibu na mji wa Carrollton katika jimbo la Kentucky, basi lililokuwa la shule na wakati huo mali ya kanisa lilikuwa likirudisha vijana kutoka bustani ya burudani ya Kings Island, Ohio. Ndani mlikuwa na watu 67. Pikapu iliyoendeshwa na mlevi, ikija upande usio wake wa barabara kuu, iligongana nalo uso kwa uso. Pigo lenyewe halikumuua abiria yeyote wa basi. Lakini tangi la petroli lilipasuka karibu na mlango wa mbele, mlango ukakwama, moto ukashika, na kwa watu wote wale ukabaki mlango mmoja wa nyuma. Walisongamana kwenye kijia cha katikati ya viti huku sanduku la vinywaji likiwa njiani, na povu la poliyurethani ndani ya viti likaungua na kutoa moshi wa sumu. Walikufa 27, wengi wao watoto. Basi lile lilitengenezwa Machi 1977, siku chache tu kabla ya viwango vipya vya serikali ya shirikisho vya usalama wa mabasi ya shule kuanza kutumika tarehe 1 Aprili. Baada ya msiba huo Kentucky iliagiza mabasi yake ya shule yawe na njia 9 za kutokea: mlango wa mbele, wa nyuma na wa ubavuni, madirisha manne ya dharura, na matundu mawili ya paani.

Anayenunua basi la Kentucky mnadani, basi, ananunua pamoja nalo njia tisa ambazo bei yake ilikwisha kulipwa. Akiziba madirisha yote kwa bamba, akajenga kitanda mbele ya mlango wa nyuma, akasimamisha kabati mbele ya ule wa ubavuni na kufunika matundu ya paani kwa paneli za sola, anabaki na mlango wa mbele peke yake, uleule uliokwama Carrollton. Na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayoonekana ya kijinga ikitazamwa peke yake. Kitanda hukaa nyuma kwa sababu huko ndiko kwenye nafasi, na sola hukaa juu kwa sababu ndiko kwenye jua.

Fundi mzoefu atanijibu hapa, na jibu lake lina uzito. Atasema dirisha la kawaida la basi la shule halikuwa njia ya kutokea tangu mwanzo. Kioo chake hushuka nusu tu, tena kwa makusudi, ili mtoto asichomoze kiwiliwili barabarani. Kimo cha upenyo wake huwa baina ya inchi 9 na 13. Mtoto mwembamba atapenya, mtu mzima aliyevaa koti la baridi hatapenya. Ukiziba kumi ya namna hiyo umepoteza nini? Kwa upande wa kutoka, karibu hujapoteza kitu. Nakubali, na ndiyo sababu silaumu bamba. Ninacholaumu ni kutotofautisha. Katika ubavu huohuo kuna madirisha mengine yaliyoandikwa kuwa ni ya dharura, yenye bawaba na mkono wa kufungulia, ambayo husukumwa yakafunguka yote kwa nje. Kwa mtu aliyeshika grinda na anayetaka kumaliza ubavu kabla ya jua kuzama, yote ni matundu tu. Tena kioo, hata kile kisichofunguka, kikiwa cha aina inayosambaratika chembechembe, kinaweza kuvunjwa kwa nyundo yenye ncha. Bamba la milimita 1.2 lililopigwa ribiti halivunjwi na mtu aliyeshtuka usingizini gizani.

Wapo watakaosema pia kwamba basi lile lilibeba watu 67, ilhali nyumba yao ni ya mke na mume na labda mtoto, hivyo hakutakuwa na msongamano. Hilo ni kweli, lakini linasahau kwamba katika basi la shule hakuna mtu anayelala wala anayepika. Nyumba hii ina jiko la gesi, pengine na jiko la kuni la kupashia joto, ina betri kubwa za sola, nyaya zilizotandazwa na mtu ambaye si fundi umeme, na kuta zilizojazwa povu la jamii ileile iliyotoa moshi Carrollton. Moshi wa namna hiyo hubeba kaboni monoksaidi na sianidi, na mtu aliyelala huweza kulegea kabla hajasimama. Jiko kwa kawaida liko katikati, baina ya kitanda na mlango wa mbele. Nyumba za magurudumu zinazotoka viwandani hufuata kiwango cha Marekani cha usalama wa moto kiitwacho NFPA 1192, kinachotaka njia ya pili ya kutokea yenye upenyo usiopungua inchi 24 kwa 17. Anayejijengea mwenyewe hana msimamizi wa kiwanda juu yake, na masharti ya kusajili basi kuwa nyumba hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Ama hoja kwamba dirisha la dharura litaingiza baridi, naam, litaingiza kidogo. Dirisha moja kati ya ishirini na zaidi haliwezi kuifanya nyumba isikalike, na pazia nene usiku humaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Msomaji wa Nakuru au Dodoma asidhani haya ni ya Wamarekani na mabasi yao ya njano. Fikra inayoziba dirisha la basi ndiyo iliyopiga nondo madirishani mwetu: tunamhesabu mwizi anayeingia na kumsahau mwenye nyumba anayetaka kutoka. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi kwa petroli, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 ukaagiza bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Vyuma vile viliwekwa kwa nia njema kabisa, kama bamba linavyowekwa kwa nia njema. Na kontena tunazozigeuza maduka na ofisi, zenye mlango mmoja upande mmoja, zinangoja swali hilohilo.

Kwa hiyo anayejenga na aanze na kitanda, si na bamba. Alale sakafuni pale kitanda kitakapokaa, afumbe macho, atafute kwa kupapasa njia mbili za kutoka, na walau moja isipite jikoni. Akizipata, azitie alama kwa chaki ndani na nje, kisha madirisha yaliyobaki ayazibe yote bila wasiwasi. Asipozipata, dirisha la dharura lililo karibu na kitanda libaki hata kama linavuja, na mlango wa nyuma ufunguke kutoka ndani bila ufunguo na bila kuhamisha godoro.