Choo na Bafu Chumba Kimoja: Tahara Isigeuke Mateso



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Juma hili tunajibu swali ambalo akina mama wa hapa Mnarani wametuletea mara nyingi. Nyumba nyingi za kupanga zina kijichumba kimoja tu, choo upande huu na mfereji wa kuogea upande wa pili. Je, josho la humo linasihi? Na cheche zinazoruka kutoka sakafuni, je, zinanajisi?

Swali hili si dogo. Wako wanaorudia josho la hedhi mara tatu au nne, ndoo baada ya ndoo, mpaka jua linachomoza na Alfajiri imewapita. Watoto wangoja mlangoni, mume anuna, na maji ya kununua kwa mtungi yamekwisha. Ibada iliyowekwa iwe nuru imegeuzwa mzigo.

Kwanza tujue kwamba jambo hili si geni kwetu. Magofu ya Gede, yaliyoanza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948, yana nyumba zilizojengewa vyoo ndani. Katika majumba ya mawe ya Lamu, birika la maji lilijengwa chooni humo humo, likafugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu walijitahirisha humo, wakatoka, wakaswali.

Pili, ni kweli imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kukojoa mahali anapoogea, kwa kuwa wasiwasi mwingi hutokana na hilo. Lakini Imamu Ibn Majah, baada ya kuipokea hadithi hiyo, alinukuu maelezo ya mwalimu wake, Ali bin Muhammad At-Tanafisi: katazo lahusu shimo ambalo maji hutuama. Ama mabafu ya zama zake yalikuwa yamesakafiwa kwa chokaa na lami, na mtu akimwagia maji hapana ubaya. Sakafu yetu ya saruji, yenye mwinamo na tundu la kutolea maji, iko katika hukumu hiyo. Na bedui alipokojoa ndani ya msikiti wa Mtume, iliamrishwa ndoo ya maji imwagwe mahali pale, basi.

Msingi wa tatu ni kanuni ya mafakihi: yakini haiondolewi na shaka. Sakafu ikishamwagiwa maji na najisi ikaondoka, ni tahiri. Cheche zikikurukia, nawe hukuona najisi, mwili wako u tahiri. Usiitafute najisi ambayo Mola wako hakukutaka uitafute.

Ziko adabu zinazorahisisha. Kabla ya kuoga, mwaga maji kuanzia pembe ya kuogea kuelekea chooni, wala si kinyume chake. Kopo la kutawadhia lisiwe ndilo kata la kuogea, na ndoo ya kuogea iwe na kifuniko na iwekwe juu ya kijiti au tofali. Nguo zitundikwe juu. Bismillahi isemwe kabla ya kuingia, au ipitishwe moyoni. Dua ya baada ya udhu isomwe nje. Na Bi Maimuna (r.a.) ameeleza kwamba Mtume alipomaliza josho la janaba alisogea kando, ndipo akaosha miguu yake. Mwenye shaka na sakafu na afanye hivyo: asogee mlangoni, aoshe miguu, avae ndara safi, atoke.

Maji nayo yasimwagwe ovyo. Anas (r.a.) amepokea kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, na akaoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Hayo hayafiki lita 4.

Tahadhari moja ya afya: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha huweza kuua. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, acha mlango wazi.

Enyi akina baba, mke mwenye wasiwasi asichekwe wala asikemewe mbele ya watoto. Mfundishe kwa upole, mjengee ukuta mfupi au kizingiti cha kutenga pembe ya kuogea, ikiwa mwenye nyumba ataridhia. Akiwa ameijua hukumu, na bado mikono inachubuka kwa kuoshwa na Swala zinapita, basi huo ni ugonjwa, nao una tiba hospitalini. Kumpeleka kwa daktari si upungufu wa imani.

Nawe dada yetu, oga mara moja, eneza maji mwili mzima, kisha toka. Shetani akikuambia hukutahirika, mjibu kwa kutandika msala. Mwenyezi Mungu hakutuwekea uzito katika dini.

Wabillahi tawfiq.