Mzee anayesahau apimwe kwanza, asihukumiwe

Septemba 2021, huko Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa na makundi ya watu, wengine wakichomwa moto, kwa kushitakiwa uchawi. Shirika la habari la AFP ndilo lililotoa hesabu hiyo. Mashitaka ya namna hii huwaangukia sana mama wazee, na mara nyingi ushahidi ni tabia zao tu: bibi anatembea usiku, anasema peke yake, anawasahau wajukuu, anadai wameiba vitu vyake.

Wapendwa, hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa ubongo unaoitwa demensia. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walikuta karibu wazee 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba Katuba, Kenya au Ruashi, hapa Lubumbashi, ugonjwa huu haupo.

Namna ya kupima ipo. Vipimo vya Ulaya hudai kusoma na kuchora, na hivyo humwonea mama ambaye hakupelekwa shule. Ndiyo maana kule Hai walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA: mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, husema leo ni siku gani, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kalamu haihitajiki. Kule Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake nao wanatengeneza vipimo vinavyomfaa Mkongomani.

Je, tuwapime wazee wote kanisani? Hapana. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza kuwapima wazee wasio na dalili yoyote. Lakini mwenye dalili asicheleweshwe. Kipimo peke yake hakithibitishi ugonjwa. Kinaonyesha tu nani aonwe na munganga. Tena malaria, huzuni nzito, upungufu wa vitamini B12 au ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kuvuruga akili, na hayo yana dawa. Demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya, lakini jamaa ikijua jina la ugonjwa, hujifunza kumlinda mzee bila kumfunga wala kumpiga.

Kwa hiyo kazi ya kanisa iko wazi. Mashemasi na mama wa kanisa wanaotembelea wazee wajifunze dalili. Jamaa isindikizwe Cliniques Universitaires au kituo cha Joseph Guislain. Majibu yabaki siri ya jamaa, yasitangazwe mimbarani. Na mchungaji akiletewa bibi aliyeshitakiwa, asikubali mtu yeyote ataje uchawi mbele ya washirika. Aulize kwanza: amepimwa?

Tunaweza kuomba na kupima pamoja. Agizo la Walawi 19:32 la kuwaheshimu wenye mvi halikuwaondoa wanaosahau.